Mtutu Mzito: Tuliyojifunza Kwenye Benchi na Kwenye Mkeka wa Shabaha

Kabla ya kuagiza mtutu mzito, peleka uwanjani bunduki uliyo nayo upige makundi matano ya risasi tano tano kwa mita 100. Risasi ziwe zote za toleo moja la kiwanda, bunduki ilale kwenye mifuko ya mchanga, na kando ya kila kundi uandike saa, joto la hewa na muda uliopita kati ya risasi na risasi. Karatasi hizo tano ndizo zitakazokuonyesha kama mtutu ndio mgonjwa. Kundi likikaa pamoja kwa risasi tatu nne za mwanzo, kisha likaanza kupanda au kutambaa upande mmoja kadiri chuma kinavyopata moto, mtutu mzito utakufaa. Risasi zikitawanyika tangu ile ya kwanza, chuma kikiwa baridi, ugonjwa uko kwingine: skrubu zimelegea, resiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti, kile kifungio cha nyuma) haijakaa vizuri kwenye kitako, darubini inacheza, au mdomo wa mtutu umechubuliwa na ufito wa kusafishia. Mtutu mzito juu ya hitilafu hizo ni kilo mbili zaidi za kubeba, basi.

Usipime kwa makundi ya risasi tatu. Risasi tatu huweza kuingia tundu moja kwa bahati, nawe ukarudi mjini na imani isiyo na msingi. Tano mara tano hazibahatishi kirahisi hivyo. Na kipimo chetu ni dakika ya pembe, ambayo walengaji huiita dakika tu: milimita 29 kwa mita 100, karibu sentimita 27 kwa yadi 1,000. Bunduki inayotawanya risasi dakika moja na nusu kwa mita 100 itatawanya karibu sentimita 40 kwa yadi 1,000 hata siku isiyo na upepo hata kidogo.

Sababu ya unene ni hii. Risasi inapofyatuka mtutu hutikisika kama ufito uliogongwa, na risasi hutoka wakati mdomo bado unachezacheza. Ugumu wa mtutu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoka milimita 18 hadi 23, ugumu unazidi mara mbili na nusu. Urefu nao hula ugumu kwa kipeo cha tatu: mtutu wa milimita 760 una ugumu pungufu kwa theluthi moja kuliko wa milimita 660 wenye unene uleule. Ndiyo maana anayetaka urefu wa inchi 30 lazima alipie unene. Na urefu huo unatakiwa kweli, kwa kuwa kila inchi ya ziada kwenye kaliba .308 (risasi ya kipenyo cha inchi 0.308) huongeza takribani mita 6 hadi 8 kwa sekunde, na risasi ya greni 155 (gramu 10 hivi) inahitaji kasi yote iwezayo kupata ili ifike yadi 1,000 ikiwa bado juu ya kasi ya sauti. Ikishuka chini yake njiani huyumba, na unene wa mtutu hauna la kuisaidia.

Faida ya pili ni joto. Kila risasi ya .308 huacha sehemu ya moto wa baruti ndani ya chuma. Mtutu wa kilo 3 hupanda digrii moja na nusu hadi mbili kwa risasi. Wa kilo moja na nusu hupanda mara mbili ya hapo. Katika mfululizo wa risasi 2 za kujaribia na 15 za kuhesabiwa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama risasi ya kumi na tano itakwenda ilikokwenda ya pili. Lakini chuma kingi hupoa polepole vilevile. Mwenye mtutu mzito akishauchemsha, dakika kumi za kupumzika hazimtoshi.

Mizani itangulie oda. Watu wengi huchagua mtutu kwanza, wakaja kushtuka kwenye meza ya ukaguzi. Kanuni za ICFRA, shirikisho la kimataifa la bunduki za shabaha, zinaruhusu kilo 6.5 kwa bunduki ya kulengea kwa mkanda, kilo 8.25 kwa daraja la F/TR (la kulengea kwa darubini, bunduki ikiegemezwa) pamoja na miguu yake miwili, na kilo 10 kwa daraja la F la wazi. Piga hesabu hivi: mtutu wa milimita 760 ulionyooka, kipenyo cha milimita 30 toka nyuma hadi mbele, una karibu kilo 3.9. Ukipunguzwa taratibu kutoka milimita 30 nyuma hadi 24 mdomoni, unabaki na kilo 3.1 hivi. Sasa ongeza resiva na bolti kilo 1.1, kitako kilo 1.6, darubini na pete zake kilo 1.2, miguu kilo 0.6. Mtutu uliopunguzwa unakupa kilo 7.6, umepita. Ule ulionyooka unakupa kilo 8.4, umekataliwa, na sasa itabidi ukate kitako ulichokinunua kwa bei ghali. Sisi tunapendelea ule uliopunguzwa hata pale ambapo kanuni hazibani, kwa sababu uzito ukijaa mdomoni bunduki huinama mbele, na mlengaji wa mkanda huchoka bega la kushoto kabla ya risasi ya kumi.

Mitutu iliyochongwa mifereji ya nje inapendeza macho. Kwa uzito uleule ni migumu kidogo kuliko ya mviringo mtupu, lakini kwa kipenyo kilekile ni laini zaidi, na watu huchanganya mambo hayo mawili. Shida yake kubwa hutokea mifereji inapochongwa baada ya mtutu kukamilika ndani. Chuma kilichosukumwa kwa zana ya kutengeneza mizunguko (mikato ya ndani inayoizungusha risasi) hubaki na mikazo; ukikichonga nje bila kukipumzisha kwa moto upya, mikazo hiyo huachia pole pole, na mtutu hupinda kila unapopata joto. Mtutu wa namna hiyo hupiga vizuri sana asubuhi.

Katika kuchagua, kasi ya mzunguko wa ndani inastahili mawazo zaidi kuliko aina ya chuma. Kwa risasi za greni 155 kwenye .308, mzunguko mmoja kwa inchi 13 au 12 unatosha. Kwa greni 175 hadi 185, chukua inchi 11 au 10. Hapa Nairobi kuna mtego ambao wa pwani hawana. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Hewa nyepesi huifanya risasi itulie kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mtutu wenye mzunguko wa polepole unaweza kutoboa matundu ya mviringo safi hapa, ukaenda Mombasa au uwanja wa shabaha wa Bisley kule Uingereza ukaanza kutoboa matundu ya yai, maana risasi inaingia karatasini ikiwa imelala. Anayepanga kusafiri na bunduki yake achague mzunguko kwa hesabu ya usawa wa bahari. Namba za kuinua darubini alizoziandika Nairobi nazo hazitamfaa kule. Risasi itashuka zaidi.

Chuma chenyewe ni cha aina mbili: kromoli (chuma chenye kromi na molibdeni), na chuma kisichoshika kutu cha aina ya 416R. Kwa shabaha tunachukua cha pili. Koo lake (pale mizunguko inapoanzia) huchelewa kidogo kuliwa na moto, na fundi hukikereza kikatoka laini. Ila nyuzi zake zikikazwa kavu kwenye resiva ya chuma cha jamii hiyohiyo, hung'ang'ana hadi zikachanika. Tutalirudia hili.

Kuhusu fundi, hapa hatuna ulegevu. Barabara ya Lunga Lunga na Kariobangi Light Industries kuna wakerezaji wa mikono ya dhahabu, wenye mashine zinazoweza kushika kipimo kinachotakiwa. Kazi hii hata hivyo si yao. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu sehemu ya silaha kuwa silaha, na kurekebisha silaha ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Mtutu uagizwe kwa kibali, ufungwe na fundi mwenye leseni, na maelezo ya bunduki yalingane na cheti kilichotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Ukitaka kubadilisha kaliba, maliza makaratasi kabla ya chuma kuguswa. Kazi ya mwenye bunduki ni kujua nini cha kuuliza na nini cha kupima bunduki inaporudi, na hayo ndiyo yanayofuata.

Swali la kwanza kwa fundi: unaupanga mtutu kwenye mashine kwa kufuata tundu au kwa kufuata ngozi ya nje? Tundu la mtutu mrefu halikai katikati kikamilifu. Fundi anayefuata ngozi ya nje atachonga chemba (chumba cha ganda) iliyopishana na tundu, na risasi itaingia kwenye mizunguko ikiwa imeinama. Jibu zuri ni dayo geji (kipimo cha sindano kama saa) ndani ya tundu, mbele na nyuma, hadi sindano isicheze zaidi ya milimita 0.01. Nyuzi, bega la mtutu na chemba vikatwe katika mpangilio huohuo mmoja, bila kuutoa mtutu mashineni. Akiutoa akaurudisha, bega halitakuwa mraba na tundu tena.

Swali la pili ni uso wa resiva. Bega la mtutu hukaza juu ya uso huo, na kwenye resiva za aina ya Remington 700 kuna bamba la msukumo (linalopokea nguvu ya bunduki kurudi nyuma) katikati yake. Uso ukiwa na mwinuko upande mmoja, au bamba likiwa na unene usiolingana, mtutu unakazwa kwa upande mmoja tu. Ukiwa baridi hutaona kitu. Ukipata moto, chuma hutanuka, upande uliobanwa unasukuma, na kundi linatambaa kuelekea upande uleule kila siku. Bamba la kiwandani mara nyingi hukatwa kwa kugongwa, na mikromita huonyesha tofauti kati ya ncha na ncha. Lililosagwa nyuso zote mbili zikalingana ni bei ndogo kuliko pakiti chache za risasi, na ni fedha tusiyoionea uchungu. Meno ya bolti nayo yapakwe wino wa bluu wa mafundi: alama ionekane kwenye meno yote mawili, kwa sehemu kubwa ya uso wake. Jino moja likibeba mzigo peke yake, bolti hupinda kwa kila risasi.

Kukaza kwenyewe ni kazi ya dakika chache iliyoharibu resiva nyingi. Mtutu ushikwe kwenye jiriwa la vipande viwili vilivyochongwa kwa umbo lake, vyenye ngozi katikati ili usizunguke wala usichubuke. Spana ya resiva iingie sehemu ya mbele inayofuata umbo la ndani. Spana ya mnyororo inayobana mbavu za nje huiponda resiva ikawa yai. Nyuzi zisafishwe kwa kiyeyusho, zikaushwe, kisha zipakwe grisi ya kuzuia chuma kung'ang'ana, utando mwembamba kwenye nyuzi na kwenye bega. Kwa resiva za aina tuliyoitaja, mafundi hukaza kati ya nyutoni-mita 80 na 135. Karibu na 100 inatosha kwa mtutu wa shabaha. Anayekaza zaidi akidhani anaongeza usahihi anabana tu nyuzi, na siku ya kuufungua mtutu ndipo atakapojua.

Baada ya hapo inakuja nafasi kati ya uso wa bolti na bega la chemba, ambayo ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la usahihi. Kwa .308 Winchester geji ya kukubali ni milimita 41.40 na ya kukataa ni 41.50. Toa kwanza pini ya kupigia na kitoa ganda kwenye bolti, maana springi zake hudanganya mkono. Safisha chemba hadi kitambaa kitoke cheupe. Chembe moja ya chuma nyuma ya geji hubadilisha jibu. Bolti ifunge juu ya geji ya kwanza kwa uzito wake au kwa kidole kimoja, na ikatae kabisa kufunga juu ya ya pili. Ikifunga juu ya ya kukataa, bunduki hiyo haipigwi risasi hata moja, irudi kwa fundi siku hiyohiyo. Hakuna kubembeleza hapo. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka kila linapopigwa na huweza kukatika karibu na kitako chake, gesi ikarudi kwa mlengaji.

Mdomo wa mtutu watu huukagua kwa macho, na macho hayatoshi. Chukua pamba kidogo uisokote kwenye kijiti cha meno, uizungushe taratibu ndani ya ukingo: ikinasa nyuzi mahali, pana ukwaruzo hapo. Ukingo ukiwa na kasoro upande mmoja, gesi hutoroka upande huo sehemu ndogo ya sekunde kabla ya upande mwingine na kuisukuma risasi ikianza safari. Fundi mzuri hukata kipande cha mwisho cha mtutu mpya kabla ya kuchonga mdomo, kwa kuwa tundu hupanuka kidogo pale zana za kusugulia zilipokuwa zikiingilia na kutokea. Asiyetaka kupoteza sentimita mbili za mtutu wa inchi 30 anahifadhi sentimita zilizo mbaya kuliko zote.

Sasa kitako, na hapa ndipo tunapomsihi msomaji asiharakishe. Mtutu mzito huning'inia mbele ya resiva kama jiwe kwenye ncha ya ubao. Kilo 3 zikivuta chini, resiva iliyokaa kwenye sehemu mbili tatu za mbao hujipinda kila skrubu inapokazwa, na hurudi mahali tofauti kila bunduki inapopiga. Tumeona mitutu mizuri ikilaumiwa, ikatolewa, ikauzwa kwa hasara, na makosa yakabaki palepale kwenye kitako.

Kazi ya kukalisha resiva kwa gundi ya epoksi inakwenda hivi. Chimba kitako milimita 2 hadi 3 pale ambapo resiva na bamba la msukumo vinakaa. Weka nguzo mbili za alumini kwenye matundu ya skrubu, ili skrubu zikaze chuma kwa chuma na mbao zisibanwe. Bandika utepe kwenye bamba la msukumo mbele, pembeni zote mbili na chini, lakini uso wa nyuma uache wazi. Uso huo peke yake ndio upokee msukumo. Zungushia mtutu utepe mbele, tabaka kwa tabaka, hadi ukae katikati ya mfereji wake bila kubanwa. Ziba kila tundu na kila mpenyo wa resiva kwa udongo wa watoto wa kufinyanga, kisha paka chuma chote polishi ya viatu isiyo na rangi, mara mbili, na uisugue kati ya upako na upako. Sehemu iliyosahauliwa polishi, hata ya ukubwa wa punje ya mchele, itashika epoksi, nawe utatenganisha bunduki kwa nyundo na machozi. Skrubu nazo zipakwe, nyuzi hadi kichwa.

Changanya epoksi yenye chembe za chuma kwa uzito kama mtengenezaji alivyoandika, polepole ili isijae mapovu. Teremsha resiva mahali pake na uishike kwa mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa au kwa utepe, ukiisukuma nyuma kidogo. Usikaze skrubu. Anayekaza skrubu epoksi ikiwa mbichi huigandisha resiva ikiwa imepinda, akaunda kwa mikono yake kosa alilokuwa analitibu. Futa kinachochuruzika kwa pamba yenye siki nyeupe kabla hakijakauka. Maelekezo husema saa 24, yakichukulia chumba chenye joto la digrii 20 na kitu. Julai na Agosti, usiku wa Nairobi unashuka hadi 11 au 12, na epoksi hulala usingizi. Tunaiacha saa 48 miezi hiyo, ndani ya nyumba, mbali na sakafu ya saruji.

Jaribio la kukubali kazi ni moja. Kaza skrubu zote mbili, funga dayo geji kwenye mtutu, sindano yake iguse ncha ya kitako, kisha legeza skrubu ya mbele taratibu. Sindano isisogee zaidi ya milimita 0.05. Ikisogea zaidi, resiva ilikuwa inapindwa na skrubu, kwaruza, rudia. Kwa kukaza kwa mwisho, kitako cha mbao chenye nguzo hutaka nyutoni-mita 4 hadi 5, na chenye bamba la alumini ndani huchukua karibu 7. Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), mkono hauna kumbukumbu. Angalia pia urefu wa skrubu ya mbele: ikigusa meno ya bolti, bolti itafunga kwa ugumu na utadhani chemba ni chafu.

Mafundi wanabishana kama inchi ya kwanza ya mtutu mbele ya bamba ikalishwe kwenye epoksi au la. Kwa mtutu wa hadi kilo 3 hivi tunauacha wote huru. Ukizidi hapo kwenye resiva fupi, sentimita 4 za kitanda chini ya chemba hupunguza mzigo kwenye skrubu ya mbele, na hatujaona hasara yake. Kilichobaki chote cha mtutu lazima kielee. Wengi hupima kwa noti ya shilingi mia, wakiipitisha kati ya mtutu na kitako hadi kwenye resiva. Noti moja ni karibu milimita 0.1 tu, na kitako cha mbao hupumua zaidi ya hapo kati ya mvua za Aprili na ukame wa Februari. Acha milimita 2 pande zote. Halafu jaribu bunduki ikiwa imelala vile itakavyolala uwanjani, mkanda umevutwa au miguu imebebeshwa uzito, maana kitako laini huweza kugusa mtutu mara tu unapokiegemea.

Kabla ya kufunga msingi wa darubini, chomoa skrubu yake ya mbele kabisa uitazame ncha. Kwenye resiva nyingi tundu hilo hufika hadi kwenye nyuzi za mtutu. Skrubu ndefu kwa nusu milimita huugusa mtutu, hujifanya imekaza wakati haijashika msingi wa darubini, na huacha doa linalong'aa kwenye ncha. Isage kidogo kwa tupa. Skrubu za pete za darubini zikazwe nyutoni-mita 1.7 hadi 2.2, kwa kupokezana.

Risasi za kwanza zipigwe kwa mita 25, kwa sababu darubini iliyokuwa sawa na mtutu wa zamani haitakuwa sawa na mpya. Maganda matatu ya mwanzo yachunguzwe moja moja: alama ya kung'aa ikizunguka ganda juu kidogo ya kitako, au fataki iliyotokeza nje, simama hapo. Safisha baada ya kila risasi kwa risasi tano hadi kumi, kisha baada ya kila tano hadi ishirini; koo jipya lina ncha ndogo ndogo zinazong'oa shaba, na utaiona ikipungua kadiri doa la buluu linavyofifia kwenye kitambaa. Ufito uwe wa kipande kimoja, uingie kwa nyuma kupitia mwongozo wa chemba. Kila mtutu una idadi yake ya risasi za kuupasha kabla haujatulia, kwa kawaida mbili au tatu, na mwenyewe azijue kwa kuziandika.

Uwanjani Stoni Athi, baada ya barabara ya Mombasa na vumbi la murram, kagua skrubu kwa spana kabla ya kulala kwenye mkeka. Jua la saa tano lisiachwe lipige mtutu mweusi upande mmoja. Kivuli cha mwavuli hutosha. Mtutu mzito ukishapata moto hutoa mazigazi yake wenyewe mbele ya darubini, na shabaha huonekana ikipanda: kipande cha kitambaa chepesi kilichonyooshwa juu ya mtutu huyaondoa. Usimwagie chuma cha moto maji wala kukizungushia kitambaa kibichi. Acha bolti wazi, simamisha bunduki mdomo ukielekea juu, hewa ipite.

Na tofauti ya kasi ya risasi ipimwe kwa kronografu (kipima kasi) kabla ya kumlaumu fundi. Tofauti ya asilimia moja ya kasi hupandisha au kushusha risasi sentimita 15 hadi 20 kwa yadi 1,000. Upepo wa mita moja kwa sekunde kutoka pembeni husukuma greni 155 zaidi ya sentimita 30. Kundi lililonyooka wima kwa mbali na kukaa duara kwa mita 100 linasema risasi. Lililolala kwa mlalo linasema upepo. Linalotambaa kwa mshazari uleule kadiri joto linavyopanda linasema uso wa resiva au kitako kinachogusa. Na makundi mawili madogo yaliyoachana ndani ya karatasi moja karibu kila mara ni resiva inayokaa mahali pawili, au skrubu ya darubini.

Daftari la mtutu liandikwe tangu risasi ya kwanza. Koo la .308 lililotunzwa hufika risasi 4,000 hadi 5,000 kabla usahihi wa mbali haujaanguka. Kaliba zenye baruti nyingi kwa tundu dogo, kama 6.5-284, huchoka karibu na 1,000. Kila baada ya risasi 500 pima ni wapi risasi inagusa mizunguko, kwa risasi ileile uliyoihifadhi kwa kazi hiyo, na uandike. Kipimo hicho kikisogea mbele milimita moja tangu mtutu ulipofungwa, peleka oda ya mwingine, kwa sababu kibali na usafiri huchukua miezi.